Kinanda cha Umeme Kilichonyamaza

Leo twataka kuzungumza juu ya kinanda cha umeme cha zamani ambacho hakitoi tena sauti, na jinsi kinanda hicho na spika yake viwezavyo kurudishwa kazini. Chombo kikinyamaza, watu wengi husema kimekufa, wakakivunja kwa ajili ya mbao na shaba yake. Aghalabu hakikufa.

Tuliitwa katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, sisi na fundi wa redio tunayemfahamu, pamoja na vijana wawili wa chuo chetu cha ualimu. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa makamo ya juu. Tukamwamkia, akatuitikia, akatupeleka ukumbini penye kinanda kilichofunikwa shuka.

“Mwalimu,” akasema, “alikuwa akikipiga marehemu mume wangu. Sasa ni mwaka wa kumi na mmoja kimya. Kesho seremala anakuja kukichukua. Nimetaka kitazamwe kwanza, nisije nikajuta.”

Tulimwomba amwambie seremala angoje siku tatu, naye akakubali.

Kabla ya kueleza tuliyoyafanya, yafaa tuseme chombo chenyewe ni kitu gani. Neno kinanda ni la kale katika pwani yetu. Wazee waliita hivyo chombo cha nyuzi, na baadaye jina likahamia kwenye vyombo vya kubonyeza kwa vidole. Wapenzi wa taarabu wa Unguja, ambako Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, wameona vyombo vingi vikiingia na kutoka. Katika miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilipoenea, vinanda vya umeme vilishika nafasi ya mbele kabisa. Lakini hivyo ni vyepesi, huchukuliwa kwapani. Kile cha bibi kilikuwa cha kizazi cha kwanza, na kukiinua kwataka watu wanne.

Kinanda cha namna hiyo kilibuniwa na Laurens Hammond wa Marekani, mtu aliyekuwa akitengeneza saa za umeme. Alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1934, na mwaka 1935 vinanda vikaanza kuuzwa. Ndani yake mna magurudumu madogo ya chuma, na katika vile vikubwa hutumika 91. Kila gurudumu lina meno ukingoni, nalo huzunguka karibu na ncha ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Kila jino lipitapo, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule. Meno mengi kwa sekunde hutoa sauti nyembamba, na meno machache hutoa sauti nene. Umeme huo hupita kwenye vibao vinavyobonyezwa, kisha kwenye vijiti vya kuvuta vinavyochanganya sauti, kisha kwenye amplifaya yenye valvu, yaani taa za kioo zinazokuza nguvu yake, na mwisho hufika kwenye spika. Huko karatasi ya spika hutikisika, nasi twasikia.

Basi njia ya sauti ni kama mfereji wa maji utokao kisimani mpaka shambani. Maji yakikosekana shambani, hakuna haja ya kuchimba kisima kipya. Hutazamwa mfereji hatua kwa hatua mpaka penye kizuizi.

Lakini kwanza tuseme juu ya hatari. Mmoja wa vijana wetu, kwa bidii yake, alichomoa plagi, akafungua ubao wa nyuma, akanyoosha mkono ili apanguse vumbi. Fundi akamshika kifundo cha mkono. “Mwanangu,” akamwambia, “umeme umeuchomoa ukutani, hujauchomoa humu.” Maana yake ni hii. Katika amplifaya ya valvu umeme hupandishwa mpaka volti mia tatu na zaidi, na mikebe iitwayo kapasita huweza kuuweka hata baada ya plagi kutolewa. Mtu akigusa huweza kufa. Kwa hiyo kazi ya ndani ni ya fundi aliyejifunza, mwenye mita ya kupimia, ajuaye kuumaliza umeme huo kabla mkono haujaingia. Kijana alirudi nyuma akakaa kimya kwa muda. Somo hilo, twadhani, hatalisahau.

Jambo la pili ni kusoma kibati kilichoandikwa nguvu ya umeme. Umeme wa Unguja ni wa volti 230, nao hugeuka mara 50 katika kila sekunde. Kinanda kilichotengenezwa kwa matumizi ya Marekani hutaka takriban nusu ya volti hizo, na mageuko 60. Kikitiwa moja kwa moja katika umeme wetu kitaungua. Hata volti zikipunguzwa kwa transfoma, mashine yake, ambayo hufuata mwendo wa umeme kama saa, itazunguka polepole: kila sauti itashuka hadi sehemu tano za sita za kiasi chake, na hakitapatana na chombo chochote. Kibati cha bibi kilionyesha volti 230 na mageuko 50. Tulishukuru.

Jambo la tatu ni kujaribu yaliyo mepesi. Je, vijiti vya kuvuta vimevutwa? Vyote vikiwa vimesukumwa ndani, kinanda kizima hunyamaza. Je, waanzishaji wanajua kukianzisha? Vingi vya namna hii vina swichi mbili. Ya kwanza hushikwa kama sekunde nane, mpaka magurudumu yapate mwendo; kisha, ya kwanza ikiwa bado imeshikwa, ya pili huwashwa, na baada ya sekunde nne hivi ya kwanza huachwa. Mtu asiyejua huwasha moja tu, akasema chombo ni kibovu.

Fundi hakukitia umeme moja kwa moja. Aliuunganisha kupitia taa ya uzi ya zamani, ili pakiwa na waya zilizogusana mahali pabaya, taa iwake kwa nguvu zote na kinanda kisiungue. Taa iliwaka kwa kiasi, na valvu zikaanza kung’aa rangi ya machungwa. Tukatega sikio kwenye spika. Amplifaya nzima hutoa mvumo mdogo hata kabla ya kubonyeza kibao. Hapa hapakuwa na kitu. Basi tulijua kwamba kizuizi cha kwanza kiko mwisho wa mfereji.

Umeme ukazimwa na kumalizwa. Waya za spika zikafunguliwa, na fundi akazigusisha betri ndogo ya volti moja na nusu. Spika nzima husema “tak” na karatasi yake hucheza. Hii haikusema. Alipochunguza mahali palipotiwa lehemu, aliona kutu ya kijani. Hiyo ndiyo kazi ya hewa yetu ya bahari: chumvi na unyevu huila shaba kimyakimya, hasa wakati wa masika. Alikwangua, akatia lehemu mpya, akagusisha betri tena. “Tak!” Bibi aliyekuwa mlangoni akasogea hatua moja. Tuongeze hapa kwamba amplifaya ya valvu isiwashwe spika ikiwa imefunguliwa, kwani transfoma yake huweza kuharibika.

Kapasita mbili zilizovimba zikabadilishwa, na mvumo ukasikika. Lakini vibao bado vilikuwa bubu. Swichi ya kwanza iliposhikwa, mashine ilinguruma bila kuzunguka, nasi tukaiachia mara moja isije ikaungua. Magurudumu yalikuwa yamekwama, kwa sababu mafuta yalikuwa yameganda. Kinanda hiki hutiwa mafuta mepesi maalumu katika vikombe vidogo, na nyuzi za pamba huyapeleka mpaka kwenye mihimili. Msitie mafuta ya nazi wala ya kupikia, maana hugeuka gundi. Tulitia mafuta yanayofaa, tukaenda zetu. Nyuzi hunywa polepole, na mwenye haraka hapa huharibu.

Siku ya tatu tulirudi. Mashine ilizunguka kwa kulalamika, kisha ikalainika, ikavuma kama cherehani. Vibao vingine vilikwaruza kwa kutu ya mahali panapogusana, na kila kimoja kilipobonyezwa mara nyingi kilijisafisha. Saa ya alasiri kinanda kililia chote, isipokuwa sauti mbili nene zilizobaki dhaifu.

Na kikisha kupona, kitunzweje? Kiwashwe mara kwa mara, kwa maana chombo kisichotumika huliwa na unyevu. Kitiwe mafuta kila mwaka. Kisiwekwe penye dirisha linaloelekea bahari. Tena umeme ukikatika, plagi ichomolewe mpaka urudi na utulie. Unguja hupata umeme kwa waya upitao chini ya bahari kutoka bara tangu mwaka 1980, nasi tunakumbuka giza la karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na la miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Umeme urudipo kwa kishindo, vyombo vya zamani ndivyo huumia.

Wasikilizaji wetu, kilichookoa kinanda kile ni lehemu kidogo, kapasita mbili, mafuta, na subira ya siku tatu. Kabla hamjasema chombo kimekufa, ulizeni kizuizi kiko wapi. Seremala alikuja siku ya nne kama alivyoagizwa. Bibi alimpa kazi nyingine: kutengeneza mguu wa benchi la mpiga kinanda.

Kwaherini.