Rosterman si jina la mtaa tu

Ukisikia Kakamega unawaza nini? Kuku, msitu, mafahali wakipigana. Sasa ongeza dhahabu.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aliyekuwa mkulima, alipata dhahabu mtoni karibu na Kakamega. Habari zilipata walowezi wengi wakiwa wamesota vibaya: bei ya mahindi ilikuwa imeporomoka na nzige walikuwa wamefyeka mashamba. Basi watu wakaacha majembe, wakabeba karai. Mahema yakajaa. Kituo kidogo cha serikali kikageuka mji.

Lakini hii ardhi ilikuwa na wenyewe, na hapo ndipo stori inachoma. Mwaka 1930 serikali ya mkoloni ilikuwa imepitisha sheria ikisema ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao milele. Kipande kikichukuliwa, baraza la wenyeji liambiwe kwanza, na wapewe ardhi nyingine ya thamani ile ile. Safi, si ndiyo? Hiyo milele ilidumu miaka miwili. Desemba 1932 walirekebisha sheria haraka haraka: kwa ajili ya madini, baraza si lazima lijulishwe, na fidia inaweza kuwa pesa. Ebu fikiria wewe ndiye mwenye shamba. Pesa utakula msimu mmoja, mahindi ya mwakani utapanda wapi?

Mgodi mkubwa kuliko yote ulikuwa Rosterman. Ulifungwa 1952, jina likabaki. Leo vijana wa Kakamega wanakodi nyumba Rosterman, wengine hata hawajui ni mgodi. (Shuleni tulikariri mito ya Ulaya, hii hakuna aliyetufunza.)

Dhahabu nayo haikuisha. Pale Ikolomani bado watu wanashuka mashimoni kwa kamba, mashimo ambayo hubomoka na kuua. Akina mama wanasaga mawe, wanaosha, wanashika zebaki kwa mikono mitupu.

Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Na kampuni kubwa zimerudi kupima udongo wa Isulu na Bushiangala. Wenyeji, ambao babu zao walichukuliwa mashamba, wanauliza: mkianza kuchimba, sisi tutahamia wapi?