Mapigano ya Tanga ya 1914 juu ya ubao mdogo: jinsi diorama inavyojengwa kwa gharama nafuu

Tarehe 4 Novemba 1914, kikosi cha Waingereza kilicholetwa kutoka India, chenye askari wapatao 8,000, kilishindwa mjini Tanga na jeshi la Wajerumani lenye askari 1,000 hivi, wengi wao Waafrika. Dakika moja ya siku hiyo yaweza kusimamishwa juu ya ubao usiozidi upana wa sahani. Kazi hiyo huitwa diorama: mandhari ndogo yenye ardhi, miti na sanamu za askari.

Kipimo kilicho nafuu ni cha 1 kwa 72, ambapo mtu mzima huwa na urefu wa milimita 24 hivi. Sanamu zake nyingi ni za plastiki laini, na plastiki hiyo ina hila: hupinda, nayo rangi hubanduka. Kwa sababu hiyo huoshwa kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha hupakwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa. Ikishakauka hufuata rangi ya akriliki. Kahawia iliyozimuliwa sana hutuama katika mikunjo ya nguo ikawa kivuli. Brashi iliyokaribia kukauka, yenye rangi hafifu, hupitishwa juu ya miinuko. Brashi mbili na vichupa sita vinatosha. Ngozi za askari zisipakwe kahawia moja tu, kwani watu hao walitoka sehemu nyingi, Unyamwezini hadi Sudan.

Ardhi hainunuliwi. Povu jeupe la kufungia televisheni huchongwa kwa kisu, hupakwa gundi, kisha hunyunyiziwa mchanga uliochekechwa na majani ya chai yaliyokaushwa. Rangi ya kupuliza iepukwe hapo, maana huyeyusha povu. Nyasi ni nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi, na kwa Tanga hakuna kinachofaa zaidi.

Ugumu umo katika ukweli wa mambo madogo. Wengi wa askari wa Wajerumani walikuwa na bunduki za mwaka 1871, zilizotumia baruti ya moshi. Hivyo pamba kidogo kwenye mtutu si pambo, ni historia. Baada ya ushindi waliteka bunduki 455 na bombomu 16, basi anayejenga mapigano ya baadaye abadilishe silaha. Nyuki waliowavamia askari siku ile hawaonekani katika kipimo hiki, kwani mmoja hata nusu ya milimita hafiki. Afadhali askari mmoja ajifunike kichwa kwa mikono.

Wanaosahaulika mara nyingi ni wapagazi, ambao bila wao hakuna jeshi lililosogea katika vita vile. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao, lakini sanamu zao ni nadra madukani. Hutengenezwa kwa kumkata askari bunduki, kuinua mikono yake kwa sindano iliyopashwa moto, na kumtwika kisanduku cha vijiti vya kiberiti. Viatu hukwanguliwa, na miguu hupakwa rangi ya ngozi.