Maji na hewa ya ukaa: sifa, umuhimu na matumizi ya maneno

Maji (ngeli ya ya-ya) ni kimiminika ambacho kila molekuli yake ina atomu mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni. Hewa ya ukaa (ngeli ya i-zi), au kabonidayoksaidi, ni gesi yenye atomu moja ya kaboni na mbili za oksijeni. Vyote viwili havina rangi.

Sifa. Katika usawa wa bahari maji huganda kwa nyuzijoto 0 na kuchemka kwa 100. Mjini Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa karibu 94. Ndiyo maana maharage hukawia kuiva. Hewa ya ukaa ikipozwa hadi nyuzijoto 78 chini ya sifuri hugeuka yabisi bila kupitia hali ya umajimaji. Tena ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, hivyo hutuama mabondeni kama maji. Gesi hii hutoka ardhini katika eneo la volkano la Rungwe, ambako huvunwa kwa matumizi ya viwandani, yakiwemo ya vinywaji. Karibu na Goma, mashariki ya Kongo, mabonde inamotuama huitwa mazuku, nayo huua watu na mifugo.

Umuhimu. Misindano ya Sao Hill, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, huhitaji vyote viwili: mizizi hufyonza maji, majani huvuta hewa ya ukaa, na kwa nguvu ya jua mti hutengeneza sukari, asili ya mbao zake. Angani, mvuke wa maji na hewa ya ukaa huzuia joto la dunia lisipotee. Hewa ya ukaa ikizidi, joto nalo huzidi.

Tanbihi ya matumizi. Ukaa, makaa na mkaa ni maneno ya shina moja. Kwa hiyo mtu akifia chumbani penye jiko la mkaa, wengi husema ameuawa na hewa ya ukaa. Aghalabu muuaji ni gesi nyingine, kabonimonoksaidi, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Haina harufu, na huendelea kutoka hata makaa yanapowaka mekundu bila moshi. Katika baridi ya Juni na Julai, jiko la mkaa lisilazwe ndani.