Pambano la Kinshasa: Wewe Unamtazama Nani?

Raundi ya nane imebakiza sekunde chache. Ngumi ya kulia imeshatua usoni mwa George Foreman, na lile pandikizi la mtu linaanza kwenda chini taratibu, likizunguka, kama mnazi uliokatwa shina lakini haujaamua uangukie upande gani. Muhammad Ali anazunguka naye, mkono wa kulia ameukunja tayari. Nafasi ya kuongeza konde moja ipo, tena kubwa. Haongezi. Anamwacha aanguke.

Nimeitazama sehemu hiyo ya filamu ya When We Were Kings mara nyingi, pamoja na watu wa rika tofauti, na sebuleni husikika sauti zilezile. Kuna anayeruka kitini na kushangilia utadhani pambano linarushwa mubashara usiku huohuo. Kuna anayeguna na kuuliza habari za wale wanaopiga kelele uwanjani: ni kina nani, na kulipokucha walirudi kwao kula nini? Na kuna anayesema polepole, "Maskini George."

Matokeo yenyewe si siri. Yamepita zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo hakuna kati yao anayeshtushwa na nani kashinda. Kinachowatofautisha ni jambo dogo ambalo wenyewe hawalioni: kila mmoja alikuwa anamtazama mtu mwingine. Filamu imehaririwa ili tumtazame Ali. Lakini kadiri inavyozeeka, macho ya watazamaji yanahama, na inafaa tujiulize kwa nini.

Tuanze na jinsi kanda zilivyopatikana. Leon Gast, mwongozaji wa filamu hiyo ya hali halisi, alikwenda Zaire mwaka 1974 kupiga picha za tamasha la muziki lililoandaliwa kusindikiza pambano. James Brown alikuwepo, B.B. King pia, na Miriam Makeba. Pambano lilipangwa tarehe 25 Septemba. Siku chache kabla, Foreman akachanika juu ya jicho akiwa mazoezini, na shughuli ikasogezwa hadi 30 Oktoba. Wanamuziki walipiga muziki wao wakaondoka, ila mabondia walibaki, na kamera zikabaki nao.

Hizo wiki tano ndizo zilizoipa filamu sura yake. Ali alizitumia kama mgombea kwenye kampeni: anakimbia alfajiri, anataniana na watoto, hapishani na kipaza sauti bila kukiachia neno. Foreman alijifungia na watu wake. Kamera hupiga picha za anayejitokeza, kwa hiyo hata kabla mhariri hajashika mkasi, kanda zilikuwa zimeshamwelemea mmoja. Kisha zikakwama kwa miaka mingi kwenye migogoro ya fedha na umiliki. Filamu ilitoka mwaka 1996, miaka 22 baadaye, na wasimulizi wake wakuu wakawa Norman Mailer na George Plimpton, waandishi wa Kimarekani waliokuwepo Kinshasa. Mabondia wenyewe hawakuhojiwa upya. Tunawaona jinsi walivyokuwa, halafu watu wengine wanatueleza walikuwa na nini moyoni.

Anayemtazama Ali hupewa kwanza sababu ya kuogopa. Foreman ana umri wa miaka 25, amepigana mara 40 bila kushindwa, 37 kati ya hizo mpinzani hakumaliza pambano. Joe Frazier na Ken Norton, ambao kila mmoja aliwahi kumshinda Ali, Foreman aliwamaliza kila mmoja katika raundi ya pili. Ali ana miaka 32, na miaka yake mizuri ilikatwa alipokataa kwenda vitani Vietnam. Filamu inatuonyesha Foreman akilipiga gunia la mazoezi mpaka linabonyea, na Mailer anaeleza kwamba Ali alipita karibu bila kulitupia jicho.

Baada ya raundi ya kwanza inakuja dakika ya mapumziko ambayo kwangu ndiyo kiini cha filamu. Ali ameanza kwa kurusha ngumi za kulia za ghafla, ngumi ambayo bondia mzoefu huiona ni dharau, maana inasafiri mbali kabla ya kufika. Zimempata Foreman, ila hazijamyumbisha. Sasa Ali yuko kwenye kona yake, na Mailer anasema hapo ndipo alipoona woga machoni mwake kwa mara ya kwanza. Halafu Ali anaugeukia umati na kuuongoza katika wimbo wake. Raundi ya pili anaegemea kamba, anafunika uso, anamwacha kijana apige mpaka nguvu zimwishie. Aliyekuwa ameahidi kila mtu kwamba angecheza dansi ulingoni, sasa amesimama kama mlango uliofungwa. Tunashangilia kwa sababu tumemwona akiogopa kwanza.

Kwa wazee wetu wengi kuna la ziada. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990. Pambano lile wengi walilipata redioni na magazetini, wakajichorea wenyewe. Mzee anayeruka kitini leo analinganisha picha hizi na ile aliyoibeba kichwani tangu ujana wake.

Anayeutazama umati hukutana kwanza na mtihani mdogo wa lugha. "Ali, boma ye!" ndivyo unavyoimba. Kwetu boma ni ngome, au ofisi ya mkuu wa wilaya. Niliwahi kumsikia kijana akifafanua kwamba watu wanamtaka Ali ajenge ngome, na kwa jinsi alivyokaa pale kambani, tafsiri ilikaribia kuwa na maana. Lakini Kinshasa ni mji wa Kilingala, na kwa Kilingala boma ni kuua. Ali, muue.

Ukishalijua hilo, umati unaanza kukusumbua. Watu wapatao 60,000 wamekesha, kwa sababu kengele ilipangwa kulia saa kumi alfajiri ili Wamarekani watazame jioni yao. Mwenye nyumba kakesha ili mgeni ale kwa saa yake. Serikali ya Mobutu, rais wa Zaire, ndiyo iliyojitolea fedha, dola milioni tano kwa kila bondia, ili dunia ilijue jina la Zaire. Mwenyewe hakutokea uwanjani. Katika filamu Mailer anasimulia habari za wahalifu kukusanywa na kuuawa chini ya uwanja huo ili mji utulie. Masimulizi yanapita, muziki unarudi. Na wenyeji wenyewe? Tunaona nyuso zao, tunasikia nyimbo zao, ila sauti ya Mwafrika anayepewa nafasi ya kufafanua ni ya Malick Bowens, mwigizaji kutoka Mali, yule aliyeigiza Farah katika Out of Africa. Anasema mambo ya maana, ila si wa Kinshasa.

Mwaka 1997 watazamaji wengi hawakuliona pengo hilo kubwa, na haikuwa rahisi kuliona. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwezi Machi. Wiki chache baadaye, tarehe 17 Mei, majeshi ya waasi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa, na mji uliozoea Kilingala ukaanza kuamriwa kwa Kiswahili na vijana waliotembea kwa miguu kutoka mashariki. Mobutu alikuwa ameshakimbia, na jina la Zaire likafutwa. Anayetazama leo anajua kilichokuja baadaye, vita juu ya vita. Sura ya Mobutu kwenye kanda haimpiti tena kama picha ya kujazia.

Aliyesema "Maskini George" naye ameletwa hapo na muda. Mwaka 1974 Foreman alionekana ametumwa na upande mwingine. Mwaka 1968 alipopata dhahabu ya Olimpiki huko Mexico alipunga kibendera cha Marekani, siku chache baada ya wanariadha Tommie Smith na John Carlos kuinua ngumi zao kupinga ubaguzi. Kinshasa alishuka na mbwa wa polisi wa Kijerumani, wa aina ambayo Wabelgiji waliitumia kuwatisha wenyeji. Filamu inamwacha hivyo: kivuli kizito kisichosema.

Lakini mtazamaji wa sasa amemwona Foreman akiwa mhubiri, na amemwona akirudi ulingoni kisha mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akimwangusha Michael Moorer na kuuchukua tena mkanda wa dunia akiwa amevaa bukta ileile nyekundu ya Kinshasa. Usiku wa Oscar alimshika Ali mkono kumsaidia kupanda jukwaani, maana ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umeshamdhoofisha. Foreman alifariki mwezi Machi 2025, karibu miaka tisa baada ya Ali. Ukiyajua hayo huwezi kumwona tena kuwa kivuli. Unamwona kijana wa miaka 25 anayeishiwa pumzi mbele ya umati unaotaka auawe.

Rudi sasa kwenye lile konde lisilopigwa. Umati unaimba muue, muue. Mkono umekunjwa, mtu anaanguka, na anayeimbiwa ameusikia wimbo vizuri kuliko yeyote, maana ni yeye aliyeuongoza. Hapo hapo anaacha kuutii. Kwa sekunde mbili tatu wanaomtazama Ali, wanaoutazama umati na wanaomtazama Foreman huangalia kitu kimoja, hata kama kila mmoja anaguna kwa sauti yake.

Utakapoitazama tena, jaribu kumwacha Ali kidogo. Anza na kona ya Foreman.