Shubiri Ilivyonificha Kidonda cha Tumbo

Kila anayetoka Unguja kuja huku Maskati lazima mzigoni awe na dawa chungu: majani makavu ya mwarobaini, au kipande cheusi cha shubiri kilichofungwa karatasi. Sisi watu wa biriani na halua tunazihitaji, ndivyo tunavyoambizana.

Nimekulia na shubiri. Bibi yangu aliloweka kipande kama punje ya mbaazi usiku kucha, asubuhi tukanyweshwa kwa zamu, pua zimebanwa. Ilipakwa pia kwenye chuchu mtoto akiachishwa ziwa. Na jina lenyewe, nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu, lina mzizi mmoja wa Kiarabu na subira.

Uchungu una kazi yake, sikatai. Ulimi ukiuonja, mate hutoka na tumbo huanza kuandaa maji ya kusagia chakula. Lakini shubiri ni jambo jingine. Ule ni utomvu wa manjano wa jani, umekaushwa. Si ile nyama laini ya ndani ambayo mabinti hupaka usoni. Utomvu huo husukuma utumbo mpana, ukaharisha. Basi unajisikia mwepesi, unadhani umepona. Marekani waliiondoa mwaka 2002 kwenye dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Mimi nilijiona mwepesi miezi mitatu. Chembe cha moyo kiliniuma, hasa usiku tumbo likiwa tupu, nikasema gesi, nikanywa shubiri. Choo kikawa cheusi kama lami, kinanata. Nikasema ni hiyo shubiri, kwani si nyeusi? Ramadhani nikaimaliza hivyo hivyo. Siku ya pili ya Idi nikashikwa na kizunguzungu jikoni, binti yangu akanidaka.

"Mama, tangu lini?"

"Joto tu, mwanangu."

"Vaa abaya, twende."

Kumbe kidonda cha tumbo kinavuja damu. Daktari akauliza natumia nini, nikamtajia shubiri. Na nyingine? Vidonge vya magoti, diklofenaki, kila siku kwa mwaka mzima, mara nyingine bila kula kitu. Hivyo ndivyo vilivyonichimba, na shubiri ikanipa kisingizio cha kukaa nyumbani. Niliongezewa damu chupa mbili.

Wenye watoto wachanga nawaomba: mafuta ya mwarobaini msiwanyweshe, hata tone la kutoa chango. Wapo watoto waliotapika, wakashikwa na degedege, na wengine wamekufa. Mjamzito naye shubiri aiache. Na choo cheusi, kutapika damu, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni: hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, si ya kungoja mgeni kutoka Unguja.

Nikivimbiwa siku hizi natafuna bizari nyembamba kidogo, natembea uani. Kipande changu cha shubiri bado kimo kabatini. Majirani hukiomba, nami huwauliza kwanza wanakunywa vidonge gani.