Fahamu: Kibodi inavyopata umeme kupitia waya wake

Kwenye steshenari za Tandika na Mwananyamala, kibodi hupigwa asubuhi hadi jioni: barua za kazi, mikataba ya pango, fomu za shule. Haina betri wala plagi ya ukutani. Umeme inautoa wapi?

Kwenye kompyuta yenyewe. Umeme wa TANESCO unaingia ukiwa na volti 230. Pawasaplai iliyo ndani ya boksi la kompyuta inaushusha, na tundu la USB linatoa volti 5 tu. Ukichuna waya wa kibodi ya kawaida utakuta nyaya nne nyembamba. Nyekundu inaleta umeme, nyeusi inaurudisha, nyeupe na kijani zinabeba taarifa za vitufe unavyobonyeza. (Si kila kiwanda kinafuata rangi hizo, hivyo fundi makini hupima kwanza.)

Ikichomekwa, kibodi huanza na miliampia 100. Hujitambulisha, na kompyuta ikiridhia inaweza kufika 500. Isiyo na mataa ya mapambo haihitaji zote: inalisha chipu ndogo inayokagua vitufe na vitaa vya pembeni.

Ndiyo maana umeme ukikatika, kibodi ya kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika nayo, ila iliyochomekwa kwenye laptopu huendelea kula betri ya laptopu. Kibodi ikiwaka na kuzimika, jaribu tundu jingine kabla ya kununua mpya. Mara nyingi uzi mmoja umekatika pale waya unapokunjwa kila siku, na fundi anauunga kwa risasi.