SUMU ISIYOUNGUA JIKONI

Kati ya mwezi wa Mei na Novemba mwaka 2016, watu 68 katika Mikoa ya Dodoma na Manyara walipatwa na maradhi makali ya ini, na 20 kati yao wakafariki dunia. Walitapika, matumbo yakavimba, macho yakageuka manjano. Hapo mwanzo ugonjwa huo uliitwa wa ajabu, mpaka wataalamu walipoyapima mahindi ya nyumba zile wakakuta yamejaa sumukuvu. Chanzo cha msiba kilikuwa kimelala ghalani siku zote, na wenye nyumba walikipita asubuhi na jioni.

Tunalirejea jambo hili kwa sababu maneno tunayoyasikia kila msimu wa mavuno hayajabadilika vya kutosha. Mmoja husema, “Hiyo ni rangi tu.” Mwingine hujibu, “Kilichochemka hakiui.” Wa tatu hukata shauri kwa kusema kwamba babu zetu waliyala na wakaishi miaka mingi. Maneno haya husemwa na watu wenye akili timamu, wakulima hodari na wafanyakazi wenzetu, na kwa hiyo yafaa yajibiwe kwa adabu, si kwa dharau.

Tuanze na hilo la kuchemsha. Kwa miaka mingi wananchi tumefundishwa kwamba moto ndio mlinzi wa chakula: chemsha maji, pasha moto kiporo, kipindupindu kitakaa mbali. Somo hilo ni la kweli, na limeokoa roho za watu wengi. Lakini tumelichukua somo la maji tukalipeleka kwenye mahindi, na huko halifai. Moto huiua kuvu yenyewe. Sumu iliyokwisha kumwagwa na kuvu ndani ya punje haiondoki kwa moto wa jikoni, hata ugali usongwe mpaka mwiko uvunjike. Kukoboa kunasaidia, maana sehemu kubwa ya sumu imo katika pumba. Ila pumba hizo huliwa na ng'ombe, na ng'ombe huturudishia sehemu ya sumu katika maziwa. Tena punje yaweza kuonekana safi machoni na huku imekwisha kuingiwa.

Na babu zetu? Sumu hii ilianza kujulikana mwaka 1960, pale Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Kabla ya hapo hakuna tabibu aliyekuwa na jina la kumwandikia marehemu. Kwetu sisi, mtoto akivimba tumbo, mara nyingi jina la kwanza kutajwa ni la jirani, na ugomvi huanza kabla hata ya maziko.

Ziko sababu za watu kukiogopa kipindupindu na kutoiogopa sumukuvu. Kipindupindu huja kwa kelele, na mtu aweza kufa katika siku moja. Sumukuvu, ikiliwa kidogo kidogo, hukaa kimya miaka na miaka, kisha huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu aliyekwisha kuambukizwa homa ya ini ya aina B. Siku hiyo ikifika, nani atakayekumbuka gunia la mwaka gani?

Jirani zetu wa Kenya wameonja uchungu huu zaidi ya mara moja. Mwaka 1981, huko Machakos, walilazwa wagonjwa 20 na 12 wakafa. Mwaka 2004 balaa likarudi katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani: wagonjwa 317, na kati yao 125 wakafa. Mahindi yalikuwa yamevunwa yana unyevu na kuwekwa ndani ya nyumba za kulala. Masoko yalipochunguzwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa na sheria. Kisha, mwezi wa Machi mwaka 2021, Kenya ikayazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyo hiyo ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Siku zile tulisikia hasira nyingi juu ya malori yaliyokwama mpakani. Swali la mahindi yaliyobaki nyumbani kwetu, ambayo tungeyala wenyewe na watoto wetu, halikupata wasemaji wengi.

Hata hivyo hatutaki kuungana na wale wanaomkaripia mkulima kutoka kwenye viti vyao. Mama aliyebakiwa na debe mbili, na mavuno bado miezi minne, anapoambiwa azimwage, anajua kwamba njaa ni ya usiku huu na maradhi ya ini ni ya mwaka asioujua. Amri ya kumwaga isiyofuatana na chakula kingine itavunjwa gizani. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya iligawa chakula badala ya kile kilichoharibika, na huo ndio mwendo wa haki. Aliye mbaya kwetu ni mchuuzi anayechanganya gunia bovu na mazuri manne, akalipeleka mashineni, likaja kuliwa na mfanyakazi wa mjini aliyenunua unga akiwa hana habari.

Kazi inayotakiwa si ya kitaalamu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Yachambuliwe, na zilizooza zisipewe kuku wala zisiende kwenye pombe. Na kabla ya kufunga gunia, twaa chupa kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, uiache kwa robo saa. Chumvi ikiwa imegandama ubavuni mwa chupa, mahindi yarudi juani.